Kijiji Kilichongoja Kuhama

Mama yangu alikuwa anakaa kijijini kwao, na kila alasiri aliniomba nimpeleke kijijini.

Nianzie hapo, maana ndipo shida ilipoanzia. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani, yeye kwenye kiti chake cha mbao, mahali palepale mama yake alipokuwa akipepeta mahindi. Sisemi karibu na hapo. Palepale. Ni kiwanja kilichobakia cha ukoo wetu katika kijiji cha zamani, ambacho leo si kijiji tena bali mtaa wa mji wa Likasi. Una avenyu, una nguzo za umeme unaokuja siku ukipenda, una kituo cha mototaksi kinachoitwa kwa jina la kijiji. Vijana wa mototaksi hulipiga kelele jina hilo kutwa nzima bila kujua lilikuwa la nini.

Jua likianza kulegea, Mama alisimama, akafunga kikwembe chake kizuri, akakunja kingine kwapani, kisha akaniambia:

"Mama, munipeleke ku mugini. Saa inapita."

Mimi ndiye aliyekuwa akimwita mama. Kwetu mzazi humwita hivyo binti yake kwa kumbembeleza, nami namwita yeye vilevile, kwa hiyo mgeni akitusikia tukigombana hajui nani alimzaa nani.

"Mama, tuko mu mugini," nilimjibu. "Njo hii. Angalia, hapa kulikuwa mafiga ya nkambo," nikimaanisha bibi.

"Hapa haiko mugini. Hapa ni mu ville," akasema, yaani mjini.

Kisha alikaa tena, na kikwembe chake kizuri, akangoja kesho.

Mtu asidhani kwamba akili zilikuwa zimemtoka. Mama alijua sikukuu za watakatifu wote, alijua nani mtaani amepanga kwa nani na nani amefukuzwa, na nikikosea pindo la sketi aliliona kutoka kwenye kiti chake kabla mimi sijaliona chini ya sindano. Ni jambo hilo moja tu. Na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Daktari aliniambia nipunguze chumvi. Hasira hakuzitaja, nazo ndizo zitakazoniua.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Kama kuna mtu aliyekitamani kijiji kile, ni mimi. Ninakitamani nikiwa nimekaa juu yake, na sijui kama kuna tamaa ya kijinga kuliko hiyo. Mtu aliye mbali na kwao anaweza kujiambia kwamba siku moja atapanda basi. Mimi nipande basi gani?

Tulilelewa upande wa Shituru, katika kambi ya nyumba za kampuni, kwa sababu Baba alifanya kazi kiwandani. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na upepo ukigeuka, moshi wa kiwanda ulitushika kooni darasa zima likakohoa pamoja, mwalimu naye akiwamo. Baba alitoka Kasai. Hakuielewa lugha ya wakwe zake, na wao hawakuelewa kwa nini mtu mzima aamshwe na king'ora. Walipendana hivyohivyo, kwa ishara na kwa kuku.

Jumamosi Mama alituosha, akatupaka mafuta, tukaenda kwa bibi. Njia ilivuka reli, ikaingia kwenye nyasi ndefu, ikavizunguka vichuguu vilivyopita urefu wa Baba, ikashuka kwenye kijito chenye daraja la magogo. Ukivuka kijito, hewa ilikuwa nyingine. Nilisimama pale kusudi nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Ndugu zangu walinicheka, wakasema ninakula upepo. Kweli nilikuwa naula. Ulikuwa na harufu ya mihogo iliyolowekwa, ambayo mtu wa mjini ataiita uvundo. Mimi nikiisikia leo sokoni, ninasahau nilichokwenda kununua.

Bibi hakuwa mtu wa kukumbatia. Alitutazama miguu, kama imekuja na vumbi la kutosha, kisha akatupa kazi. Lakini alasiri, akishamaliza, alikaa chini na mgongo wake ukutani, na mimi niliruhusiwa kukaa ubavuni mwake bila kufanya lolote. Kule kambini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa bila kufanya lolote. Hata Baba akiwa amelala, alikuwa amelala kwa ajili ya zamu. Kwa bibi nilisikia kuku wakiparura, na mwanamke mmoja akimwita mwingine kutoka nyumba ya mbali, na yule akijibu bila haraka. Ndicho kijiji ninachokitamani. Si kitu kikubwa. Ni kusikia mtu akiitwa kwa mbali na kujua kwamba atajibu.

Ukuta ule tulioegemea ulikuwa umeinama. Uliegemezwa na mti kwa nje usianguke. Paa lilivuja. Nyumba zote za kijiji zilikuwa hivyo, za udongo na nyasi, na hakukuwa na aliyechoma tofali wala aliyepanda mwembe. Mama alipomwambia bibi kwamba Baba angeweza kuleta mabati, bibi alimjibu neno moja, "Tutahama." Mjomba akiulizwa kwa nini hazibi tundu la paa, "Tutahama." Sisi watoto tulilifanya mchezo. Kambini Baba akituambia tufagie, tulijibu "tutahama", mpaka siku aliyotuchapa.

Mji haukuja kwa kelele. Kwanza njia ya miguu ikawa njia ya baiskeli, kisha ya magari. Watu waliopata kazi ya kuchimba mawe Kakontwe wakatafuta pa kujenga, wakaomba, wakapewa. Kisha wafanyabiashara. Kisha, miaka ya karibuni, watu wa kuchimba madini kwa mikono, kutoka kila pembe ya nchi, na wake zao, na makanisa yao. Watu wa kupima ardhi walipofika kijijini, waliwauliza wazee kila mmoja anataka kuandikiwa kiwanja cha kadiri gani. Wazee wakacheka. Wakasema, wagawieni hao wenye haja, sisi tunahama. Ndiyo maana wageni mtaani kwetu wana viwanja ambamo lori linageuka, na sisi wenyeji tuna kipande ambacho nikianika nguo, jirani anakaukiwa na zake kwenye kamba hiyohiyo.

Niliwalaumu sana wazee wale. Nilipokuja kukaa hapa na Mama, baada ya Baba kufa, niliwalaumu kila nilipofungua mlango ukagonga ukuta wa jirani. Nilisema ni uvivu uliopewa jina zuri.

Basi kiangazi kilichopita Mama alianza kukataa chakula.

Hakukataa kwa fujo. Nilimwekea bukari, kama tunavyouita ugali, na mboga za majani alizozipenda tangu ujana. Alinawa, akamega tonge moja, akalirudisha.

"Nitakula ku mugini," alisema.

Siku ya kwanza niliondoa sahani. Baadaye niliona kidole chake kinacheza ndani ya pete ya ndoa, nikaogopa. Nikafanya kosa ambalo mtu mwenye hamu hulifanya, nikadhani hamu yake ni yangu. Nikamshika mkono nikamtembeza mtaa mzima, nikimwonyesha kijiji kilipokuwa. Hapa palikuwa kwa mjomba. Hapa, kwenye duka la vocha za simu, tulikuwa tukitwanga. Hapa njia ilishuka kijitoni. Kijito chenyewe kipo, ila watu huoshea mawe ya madini humo na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Machozi yalinitoka, nami nikafurahi kidogo kuyatoa, nikidhani tunalia wote. Nilipomgeukia, Mama alikuwa ananitazama kama mtu anayemngoja mtoto amalize kucheza.

"Minye siombe ile," alisema. "Ile naijua, nilizaliwa mule. Minye naomba ile ya ng'ambo. Ile tulipashwa kuhamia."

Sikumwelewa. Tukakaa juu ya jiwe, pikipiki zikitupita magotini, akanieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza maishani, kwa sababu, alisema, sikuwahi kuuliza.

"Mukubwa wa mugini alikufa. Minye nilikuwa bado mutoto. Akikufa mukubwa, mugini inahama, juu hii inakuwa mugini ya mufu. Bazee bakatafuta fasi ng'ambo ya mutoni. Bakaweka bunga chini mangaribi. Asubui bunga ilikuwa paka vile."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Unga unawekwa juu ya ardhi tupu, kilima kidogo cha kujaa viganja, na kuachwa ulale nje. Ukikutwa asubuhi umesimama vilevile, wenye ardhi waliotangulia wamekubali. Ukikutwa umetawanyika, wamekataa, mnatafuta kwingine. Ule wa ng'ambo ulisimama. Ruhusa ilitoka. Lakini kabla watu hawajafunga mizigo, wenye mji walikuja na minyororo yao ya kupimia, wakachomeka vigingi ng'ambo ile, wakasema ardhi ina mwenyewe. Wazee wakasema, basi tungoje kidogo.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Walingoja hadi wakafa mmoja mmoja, katika nyumba ambazo hawakutaka kuzitengeneza. Na mimi ndiye niliyewaita wavivu.

"Na moto hatuyazima," Mama aliendelea. Siku ya kuhama, kila mwanamke huzima moto wake kwa maji. Hubeba kila kitu, kuku, mbegu, jiwe la kusagia, isipokuwa moto. Kule kupya huwashwa moto mmoja, na kila nyumba huchota kaa pale. "Moto hatuyazima, mama. Tungali mu mugini ya mufu. Minye sitaki kufia humu."

Basi hilo ndilo alilokuwa akiniomba kila alasiri. Hakuomba kurudi. Alikuwa anaomba kwenda.

Tulikwenda. Ng'ambo ya kijito, mahali unga uliposimama, leo kuna ukuta mrefu wenye seng'enge juu, na nyuma yake malori hupakua mawe. Mlinzi wa getini alikuwa kijana mwenye adabu. Alimletea Mama kiti chake mwenyewe.

"Mama, munisamehe. Humu muntu haingiake. Banaweza kunifukuza ku kazi."

"Tuliweka bunga humu mbele baba yako hayazaliwa," Mama alimwambia, bila ukali.

"Ndiyo, mama," mlinzi alisema. Alilisema kama mtu anayeliamini, lakini geti hakulifungua, na mimi sikumlaumu. Mama alikaa kwenye kile kiti akitazama ukuta hadi alipochoka. Kisha tukarudi, na jioni ile hakunawa hata mikono.

Siku zilizofuata nilijaribu uji, nilijaribu maziwa, nilimwita padri. Padri aliongea naye vizuri, akambariki, na alipotoka aliniambia mama yangu ana imani imara. Imani nilijua anayo. Nilitaka ale. Jirani yetu, mama wa mapacha, alikuja pia. Huyu ni mwanamke wa kanisa la maombi lililo mbele yetu, ambalo vipaza sauti vyake vimenizeesha. Mumewe huchimba, yeye huuza unga mweupe wa kiwandani kwa vipimo, mlangoni. Aliweka mikono juu ya kichwa cha Mama, akaamuru kila pepo la ukoo litoke. Mama alivumilia hadi mwisho, akasema amina, akamshukuru, akageukia ukutani.

Hapo hasira zangu zikapata njia. Ilikuwa adhuhuri, sahani ya bukari imepoa tena, inzi wameifikia kabla yake. Nikapiga meza.

"Mama, basi tuhamie hapa! Hapa hapa! Fasi ingine haiko! Bonde yote banaisha kujenga!"

Nilitaka kumnyamazisha. Lakini yeye alinyanyua kichwa.

"Bunga iko?" akauliza.

Akaeleza kwa utulivu kwamba watu wa zamani hawakuhama mbali sikuzote. Wakati mwingine waliruka kijito tu, wakati mwingine walisogea upande wa pili wa njia. Umbali haukuwa neno. Neno lilikuwa ardhi isiyowahi kukaliwa, na unga, na moto. Akasimama kwa miguu yake, ambayo kwa siku kadhaa nilikuwa nikiibeba mimi, akatoka nje, akazunguka kile kipande chetu cha ardhi polepole kama mnunuzi. Akasimama kwenye pembe ya mbele, kando ya ukuta wa jirani. Pale zamani palikuwa na kichuguu. Watu walikichimba kidogo kidogo wakafyatulia matofali, na ukuta wenyewe wa mama wa mapacha umetoka humo. Sasa palikuwa pamelala sawa na ardhi.

"Huku muntu hayakaa hata siku moja," Mama alisema. "Inda tu. Huku ni pori."

Inda ni wale mchwa. Ni kweli, katika kijiji kizima, pale tu ndipo ambapo hakuna mtu aliyewahi kulala.

Jioni tuliweka unga. Ulikuwa unga wetu wa kawaida, mahindi tuliyosagisha mashineni, wenye rangi ya kijivu kidogo na punje za ganda. Mama aliumwaga kwa viganja vyake mwenyewe, akaongea nao maneno ambayo mimi, mtoto wa kambini, sikuyaelewa yote. Mama wa mapacha alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mama, munafanya nini na bunga inje? Franchement! Batoto yangu banapitaka hapa. Hii ni mambo ya bankambo, hii. Mungu hapendake."

"Iko dawa ya mama," nilimwambia. "Asubui nitafagia."

Aliguna, akaingia ndani. Muda si mrefu tukamsikia akiomba kwa sauti, na sikuwa na shaka aliyekuwa akiombewa ni sisi.

Nililala vibaya. Wasiwasi wangu haukuwa mizimu. Nilikuwa nawahofu kuku. Mama wa mapacha ana kuku wasio na mlezi, wanaoamka kabla ya mapadri na kupita kwenye pengo la ukuta moja kwa moja hadi uwanjani kwangu. Nilijua vizuri kwamba unga ukiwa umetawanyika, Mama hataniuliza ni kuku au ni nani. Atasema wamekataa. Na sehemu ya pili hatukuwa nayo.

Kulipopambazuka nikatoka kwa haraka na kanga begani. Kuku walikuwa wamekwisha amka, wanatembeatembea. Udongo wa pembe ile ulikuwa umeparuliwa, alama za kucha kila mahali. Katikati ya alama hizo, unga ulikuwa umesimama, kilima kizuri, cha duara, chenye ncha.

Nikainama. Unga ule ulikuwa mweupe. Mweupe kabisa, laini, wa kiwandani, usio na punje hata moja.

Nilinyanyua macho kwenye mlango wa jirani. Mama wa mapacha alikuwa amesimama pale na ufagio, anafagia kizingiti kilichokuwa safi tayari.

"Mama, munaamka?" alinisalimia.

"Tunaamka, mama ya mapasa. Na kwenu?"

"Mungu iko."

Akaendelea kufagia. Nilitaka kuvuka lile pengo nimkumbatie na ufagio wake, lakini angeona haya, na mimi pia. Nikaingia kumwita Mama.

Mama alikuja, akashika bega langu, akautazama unga kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini yalitosha kuona pindo lililokosewa. Kama aliona rangi, hakusema. Alitabasamu, na sura yake ikawa ya msichana niliyemwona kwenye picha ya arusi yake.

"Banakubali," alisema. "Mama, zima moto."

Nilimwagia maji mbabula, jiko letu la makaa, na moshi wake ukatutoa machozi wote wawili. Tukaliacha jivu pale pale nyuma ya nyumba. Chumba cha mbele kinatazama pembe ile ya kichuguu, kwa hiyo nikahamishia humo kitanda chake, msalaba wake, sufuria zake na kiti chake, na mlango wa ndani unaoingia kwangu nikauziba kwa kabati, kwa amri yake. Kisha nikawasha moto mpya pembeni pale. Mama akakaa mbele yake, akangoja.

"Unangoja nini, mama?"

"Bantu ya mugini. Bakuye kukamata moto."

Nani angekuja? Mji mzima unapika kwa viberiti vyake. Lakini mama wa mapacha alivuka pengo, na kopo la zamani mkononi, uso ameukunja.

"Mama, munipatie kaa kidogo. Kiberiti yangu inaisha."

Mama alimchagulia kaa jekundu kuliko yote, akalitia koponi kwa kijiti, akamuuliza habari za watoto, akamwambia karibu sana, sote ni wageni hapa, tutazoeana. Jioni ile vipaza sauti vya kanisa vilikemea mizimu ya ukoo kama kawaida, na nilimtambua kwa sauti mmoja wa waliokuwa wakikemea kwa nguvu zaidi. Mama alikula bukari. Alikula, akaomba mboga tena, akalamba vidole.

Hakuomba tena kupelekwa kijijini. Alasiri zilipofika, alibaki ametulia mbele ya moto wake akichambua maharage, akiwasalimu wapita njia kama mwenyeji anayewapokea. Watu wakaanza kusimama. Yule mlinzi wa getini, akitoka zamu, hupitia kumjulia hali. Vijana wa mototaksi humletea habari. Wakati mwingine Mama huita kitu kutoka pembe yake, na mama wa mapacha humjibu kutoka kwake, bila haraka, na mimi mguu wangu unasimama juu ya cherehani.

Nilidhani akinyamaza nitapumzika. Nilikuwa sijui kwamba ule ugomvi wetu wa kila alasiri ndio uliokuwa ukinisaidia. Tulikuwa wawili tunaotaka mahali pasipokuwapo. Sasa yeye amefika. Mimi ninatazama avenyu, vumbi, ukuta uliokula kichuguu, ninatafuta njia iliyovuka reli na kuingia nyasini, na hakuna wa kuniambia saa inapita. Ninatamani hata lile ombi lake lililonikera.

Wiki hii nilimpelekea chai. Kwa kuwa mlango wa ndani umezibwa, sharti nitoke kwangu, nizunguke nyumba, nibishe hodi. Alinikaribisha vizuri sana. Alinipisha kiti chake, yeye akakaa kwenye mkeka, akanitazama miguu, kisha akanishika mkono na kuupapasa kama unavyompapasa mtu aliyetoka safari.

"Mama," akasema, "na weye utahama siku gani? Kule ulibakia na nani?"

Nilitaka kumwambia hakuna mtu kule, wamekwisha wote.

"Bado, mama. Nitakuya."

"Usikawiye. Huku kuko muzuri."

Akarudia maharage yake. Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kumgusa goti, na njia ya kufika alipo sikuijua.